Takia la Paka: Kumpa Kiumbe Mahali Pake Nyumbani



Paka asiyekuwa na mahali pake hulala mahali pa wenyewe. Hilo lajulikana na kila mama mwenye nyumba. Atalala juu ya mswala uliokunjwa pembeni. Atajikunja kabatini juu ya mabuibui yaliyopigwa pasi. Atapanda gunia la unga jikoni. Na usiku wa baridi ataingia katika kitanda cha mtoto mchanga. Kukicha, kelele huanza. Huyu amfukuza kwa fagio, yule amtetea, watoto walia, na mama mkwe aapa kwamba paka huyo hatalala tena ndani. Mwisho wa magomvi hayo wengi twaujua: paka hutiwa katika gunia akaenda kutupwa karibu na soko au kando ya barabara kuu, ilhali alikwisha kuzoea mkono wa kumlisha na hajui kujitafutia.

Makala yetu ya leo yana neno moja la kusema. Magomvi hayo, kwa sehemu kubwa, hayahitaji fagio wala gunia. Yahitaji leso moja kuukuu, sindano, uzi na jioni mbili za kazi. Paka akishonewa takia lake, akawekewa mahali pasipobadilika, nyumba hupata raha na kiumbe hupata haki yake.

Kutoka Isiolo

Sisi twaandika kutoka Isiolo, mji ambao wasomaji wetu wa pwani wengi huujua kwa kupita tu, katika safari ya kwenda Marsabit na Moyale. Ni mji wa watu wengi: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, pamoja na sisi tuliotoka Mombasa na Lamu tukaweka makazi. Wasomali wa mwanzo kukaa hapa walikuwa maaskari waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa ardhi ya kukaa baada ya vita. Mifugo ndiyo mali ya huku. Mtu akiulizwa habari za nyumbani, huulizwa na habari za ngamia na mbuzi.

Katika mji kama huu, kusema habari za kitanda cha paka huweza kuchekesha. Tena huweza kuudhi. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo kaskazini mwa Kenya, na familia ziliona mifugo yao ikianguka mmoja mmoja. Mtu aliyezika matumaini yake pamoja na ngamia wake ana haki ya kuuliza: paka naye ashonewe takia kwa sababu gani?

Jawabu letu ni hili. Takia tunalolisema halitoi hata shilingi moja katika chakula cha watoto, kwani hutengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kazi yake. Na jambo lenyewe si geni kwa watu wa huku. Wafugaji wa nchi hizi, tangu zamani, huwaingiza wana-mbuzi na ndama wachanga ndani ya nyumba usiku, wakawatengea pembe yao ili wasipigwe na baridi wala wasiliwe na fisi. Wanawake wa Kisomali, walipokuwa wakihama, walisuka mikeka minene ya nyuzi za miti na nyasi: mchana mikeka hiyo ilitandikwa juu ya mgongo wa ngamia ili mzigo usimchubue, na usiku ikaezekewa nyumba. Kumlaza mnyama mahali laini ni ustaarabu wa wafugaji kabla haujawa starehe ya watu wa mjini.

Kule Lamu nako, jambo hili wazee walijua. Punda huvikwa shogi la mizigo, na mwenye huruma hutanguliza tandiko laini chini yake, kwa kuwa vidonda vingi vya mgongo huanzia pale ambapo mzigo wasugua ngozi tupu. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilipofungua kituo chake Lamu mwaka 1987, lilikuja kuwatibu punda hao hao. Basi yule aliyemshonea punda tandiko, na yule anayemshonea paka takia, kazi yao ni moja.

Haki za paka, na mpangilio wake

Yapasa tuanze na lililo kubwa kabla ya kushika mkasi. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha huru ajitafutie wadudu wa ardhini. Tuangalie vizuri kosa lililotajwa. Ni njaa, kiu na kifungo. Kwa hiyo maji safi huja kwanza, kisha chakula, kisha uhuru wa kutoka na kuingia, na takia huja baada ya hayo. Paka mwenye takia la hariri na bakuli tupu amedhulumiwa.

Imepokewa tena, na Malik, Abu Daud na Tirmidhi, habari ya Kabsha bint Kaab, aliyemmiminia mkwewe Abu Qatada maji ya kutawadha. Akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha akistaajabu, akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Na Abu Huraira, aliyepokea hadithi nyingi kuliko masahaba wengine, jina lake la heshima lenyewe latokana na paka mdogo.

Kuna kisa kingine kinachopendwa sana na watoto wetu, cha Mtume kukata mkono wa nguo yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho hakimo katika vitabu mashuhuri vya hadithi. Tuwasimulie watoto kilichothibiti. Kinatosha, na ndani yake mna mafunzo tele.

Na hapa pana faida ambayo akina mama hawaisikii mara kwa mara. Paka mwenyewe ni tohara, lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, nywele zilizong'oka katika mnyama asiyeliwa huhesabiwa kuwa na najisi, ingawa chache husamehewa, hasa kwa mtu anayeishi naye. Aliye na shaka katika jambo lake na amuulize sheikh wake. Sisi twasema tu kwamba paka akiwa na takia lake, nywele zake nyingi hubaki palepale, nao mswala na nguo za sala husalimika. Mama mkwe aliyekuwa akilalamika hakuwa adui wa paka. Alikuwa akiilinda sala yake, na takia huwapatanisha wote wawili.

Kuchagua kitambaa

Kwa pande la juu na ukuta wa takia, leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo bora: ni laini, hupitisha hewa, na hukauka upesi. Upande mmoja wa doti watosha, kwani urefu wake hukaribia sentimita 150 na upana wake sentimita 110. Lakini kabla ya kukata, soma jina la leso. Zipo leso zilizoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au dua. Hizo zisitumike kukaliwa wala kulaliwa na mnyama. Zihifadhiwe, na ichukuliwe nyingine.

Kwa upande wa chini, tafuta kitambaa kigumu zaidi: suruali ya jinzi iliyochakaa, kikoi kizito, au mabaki ya turubai. Mafundi cherehani wa mjini huwa na vipande vingi vinavyobaki, na aghalabu ukiomba kwa adabu hupewa bure.

Kujaza, watu wa pwani hutumia sufi, na ni sawa. Nyuzi za sufi ni telezi, hazisokoteki kuwa uzi, ndiyo maana kazi yake kubwa ilikuwa mito na magodoro. Hata hivyo hupenya kitambaa chepesi, basi lazima zitiwe kwanza katika mfuko wa marekani ulioshonwa kwa karibu. Huku kwetu misufi hatuna. Twatumia fulana na shuka kuukuu zilizokatwa vipande vyembamba vya sentimita 2 au 3, au mabaki ya sponji ya godoro. Usitumie nyasi kavu, kwani huficha wadudu, wala usitie nafthalini kama tunavyotia kabatini. Dawa hiyo ya nondo ni sumu kwa paka.

Kukata na kushona

Paka mzima wa kawaida hutoshwa na takia la duara lenye upana wa sentimita 50. Funga chaki katika ncha ya uzi wa sentimita 27, shika ncha ya pili katikati ya leso, kisha zungusha. Utapata duara la sentimita 54, na sentimita 2 kila upande zitaliwa na mshono. Hilo ndilo pande la juu.

Upande wa chini haukatwi duara zima. Kata nusu duara mbili katika jinzi, kila moja ikiongezwa sentimita 7 kupita mstari wa katikati. Kunja pindo la sentimita 2 katika ukingo ulionyooka wa kila nusu, ushone. Zikiwekwa pamoja zitapandana kwa sentimita 10, kama mdomo wa foronya. Hapo ndipo utakapoingiza na kutoa mfuko wa kujazia, bila zipu wala vifungo.

Kisha ukuta. Paka hupenda kuegemeza mgongo na kuweka kidevu juu ya kitu, ndiyo maana hujipenyeza katika makasha na makarai. Katika sehemu ya leso iliyobaki, kata ukanda wenye urefu wa sentimita 141 na upana wa sentimita 42. Ukunje katikati kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, na ushone ncha moja tu ufupi wake. Ugeuze, upande mzuri utoke nje. Ncha ya pili ikunjwe pindo ndani, ibaki wazi.

Sasa tandaza lile duara la leso, upande mzuri ukikuangalia. Pachika ule ukanda kuuzunguka ukingo wake, kingo zisizokunjwa zikilingana na ukingo wa duara, na tumbo la ukanda likielekea katikati. Ili ukubali kuzunguka, katia vipasuo vidogo vya sentimita 1 katika ukingo wake, kila baada ya sentimita 5. Utaona ukanda haukutana: pamebaki kama sentimita 20. Huo ndio mlango wa paka. Juu ya vyote laza zile nusu mbili za jinzi, upande mzuri ukiangalia chini. Piga bandi kwanza ili visisogee, kisha shona kuzunguka kote, sentimita 2 kutoka ukingoni. Mwenye cherehani apitishe mara mbili. Anayeshona kwa mkono atumie uzi ulioongezwa maradufu, arudishe nyuma kila hatua.

Toa bandi, geuza takia kwa kupitia mdomo wa jinzi, na umbo litajitokeza. Jaza ukuta kwa kupitia ile ncha iliyo wazi, usiukaze mno: ukibonyeza kwa kidole urudi polepole. Uifunge ncha kwa mishono mikubwa itakayofumuliwa siku ya kufua. Kisha shona mfuko wa marekani au shuka kuukuu kwa kipimo cha duara, ujaze mpaka unene wa sentimita 5 au 6, uufunge, na uutie ndani.

Usipambe kwa shanga, utepe wala vishada. Paka akimeza uzi au utepe, utumbo wake huweza kujikunja na kukatika, na wengi hufa kwa hilo. Kwa sababu hiyo hiyo, sindano na nyuzi zifungiwe katika kopo mara tu kazi ikisimama, hata ikiwa ni kwa kwenda kusali tu.

Mahali pa kuliweka

Paka hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku, kwa hiyo mahali pake si jambo dogo. Mtazame siku mbili tatu kabla ya kuamua. Akipenda dirisha la mashariki, takia liende huko. Akipenda juu ya sanduku, liwekwe juu ya sanduku. Hapa Isiolo upepo huleta vumbi na, katika miezi ya Juni na Julai, ubaridi wa usiku; basi takia lisielekee mlango, na liinuliwe kidogo kutoka sakafuni. Wakati wa joto kali, toa mfuko wa ndani na umwachie kitambaa kitupu.

Siku za kwanza weka juu yake nguo yenye harufu ya mtu anayempenda. Usimbebe ukamkalisha kwa nguvu, kwani atakichukia kitanda kwa sababu ya mkono. Akilala mwenyewe mara moja, kazi imekwisha. Kuanzia hapo mtoto afundishwe kwamba paka aliye katika takia lake hasumbuliwi, havutwi mkia wala haamshwi kwa mchezo. Mtoto anayejifunza kuheshimu usingizi wa kiumbe asiyesema, hajifunzi adabu ndogo.

Paka mwenye mimba, ambayo huchukua kama wiki tisa, naye hutafuta mahali pa siri siku zake zikikaribia. Mhamishie takia katika kona yenye kiza. Watoto wake hawawezi kujitia joto wenyewe katika wiki za mwanzo. Wakilala juu ya saruji tupu, huweza kufa kwa baridi hata katika mji wa jua kama wetu.

Usafi na tahadhari

Takia lisilofuliwa huwa shamba la viroboto. Mayai ya kiroboto hayakai juu ya paka. Huanguka mahali anapolala, yakaanguliwa hapo. Kwa hiyo fua ganda la takia kila wiki kwa maji ya moto na sabuni, ulianike juani, na mfuko wa ndani uanikwe pia. Paka anayetangatanga nyumba nzima humwaga mayai nyumba nzima, lakini mwenye takia huyamwaga zaidi katika kitambaa unachoweza kukifua.

Katika mji wa mifugo kuna hatari moja ambayo lazima tuitaje kwa jina. Maduka yetu ya dawa za mifugo huuza dawa za kupe za ng'ombe, mbuzi na mbwa. Nyingi ya hizo zina pamethrini au amitrazi, na hizo humdhuru paka: pamethrini humtetemesha mwili na huweza kumwua kwa siku moja au mbili. Usimnyunyizie paka dawa hizo, wala usizimwage juu ya takia lake. Muulize daktari wa mifugo dawa ya paka hasa, na siku hiyo hiyo umchanje paka kinga ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo humpata paka pia na hupita kwa binadamu.

Kwa dada zetu wajawazito, hofu ya kimelea cha toksoplazma ina msingi, lakini ielekezwe panapostahiki. Kimelea hicho hutoka katika mavi ya paka, si katika takia, na huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mtu mwingine wa nyumbani aondoe uchafu wa paka kila siku, na mama mjamzito apumzishwe kazi hiyo. Akikosa msaidizi, avae glavu na anawe kwa sabuni. Nyama nayo ipikwe ikaiva, kwani kimelea hicho hupatikana humo pia. Na paka yeyote, awe mpole namna gani, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Kazi ya jioni mbili

Twawashauri akina mama waifanye kazi hii pamoja na watoto wao, wa kike na wa kiume. Mdogo akate fulana vipande, mkubwa apime kwa futi, nyanya apige bandi. Katika kazi hiyo mtoto atajifunza mshono, atajifunza hesabu ya duara, na atajifunza kwamba huruma si maneno ya kusemwa madrasani peke yake. Ina kipimo, ina uzi, ina siku ya kufuliwa. Siku paka atakapougua au kuzeeka, mtoto aliyemshonea takia hatakubali atiwe katika gunia.

Kitambaa kikibaki, mshoneeni paka wa jirani. Na aliye na mbwa wa ulinzi, amshonee la jinzi tupu, limtandikiwe nje chini ya paa, kwani naye hukesha kwa ajili yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaowarehemu walio ardhini, na nyumba zetu azifanye mahali pa amani kwa kila anayelala ndani yake. Amin.